Tone jekundu chini ya Noah: uliza linadondoka lini kabla ya kuuliza linatoka wapi

Umeamka asubuhi, umetoa gari uani, na pale lilipolala pamebaki doa jekundu. Kwa watu wengi wenye gari la otomatiki doa hilo lina tafsiri moja tu: giaboksi imekwisha. Moyo unalipuka, unaanza kuhesabu una shilingi ngapi na nani anakudai. Kabla hujafika huko, naomba dakika zako kumi.

Niseme mapema kwamba mimi si fundi magari. Shahada yangu ya uzamili ni ya kemia ya polima, yaani mipira, plastiki na jamaa zake, na siku nyingi niko maabara Dar es Salaam nikivuta vipande vya mpira mpaka vikatike. Lakini mwaka jana mjomba wangu alinipigia simu kutoka Chikongola, Mtwara mjini. Ana Noah ya zamani, ile SR40 ya miaka ya mwisho ya 1990 ambayo injini yake imekaa chini ya viti vya mbele, na ukisafiri nayo mbali unaoka makalio. Anabebea samaki kutoka Msimbati, na siku ambazo bahari haijatoa kitu anabeba watu. Sisi Wamakonde mjomba si mtu wa kumjibu "nitaangalia nikipata nafasi".

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hivi mjomba, wewe si umesomea mambo ya mipira? Hii gari yangu inatoa damu."

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Noah ilianza kudondosha oili nyekundu sehemu ya nyuma ya giaboksi. Fundi wa kwanza alitazama, akasema ni sili ya nyuma, pale propela shafti inapoingia. Sili ikabadilishwa, gari likaendelea kuvuja. Baada ya wiki mbili gari likaanza kuchelewa: unaweka D, unasubiri, ndipo linashtuka na kuondoka. Kupandisha kilima kidogo linapiga resi lakini haliendi. Fundi wa pili akaliendesha mzunguko mmoja, akarudi na hukumu: giaboksi imekufa, agiza nyingine ya mtumba Dar. Bei aliyoitaja ilikuwa karibu sawa na kila alichotarajia kupata mjomba kwenye korosho za msimu ule. Mjomba alitaka kujua kitu kimoja tu, auze au asiuze.

Mafundi hao siwataji, na sidhani kama walikuwa na nia mbaya. Ila wote wawili waliuliza swali moja, "inavuja wapi?", na hakuna aliyeuliza "inavuja lini?".

Oili hii inafanya kazi gani?

Kwenye giaboksi ya manyuo, oili inalainisha meno ya gia. Ikipungua kidogo, gari bado linatembea, ingawa linajila taratibu. Kwenye otomatiki mambo ni tofauti kabisa. Oili ile, ambayo chupa yake imeandikwa ATF na madukani wengi wanaiita haidroliki, ndiyo mkono unaobadilisha gia. Pampu inaivuta kutoka kwenye sampo iliyo chini, inaisukuma kwa presha kwenye vijia vyembamba, na presha hiyo ndiyo inayobana sahani za klachi zishikane. Injini na giaboksi zenyewe hazijaunganishwa kwa klachi ya kawaida. Katikati yao kuna chombo cha mviringo kinachoitwa toki konveta, ambamo oili inasukumwa na mapanga ya upande mmoja ikaenda kuzungusha mapanga ya upande wa pili. Ni kama kuweka feni mbili zikitazamana: ukiwasha moja, upepo wake unazungusha nyingine.

Sasa oili ikipungua, pampu inaanza kuvuta hewa pamoja na oili. Oili haibonyei, hewa inabonyea. Umewahi kukanyaga breki zilizoingia hewa? Ni kitu kilekile. Presha inashuka, klachi hazibanwi sawasawa, zinateleza. Kuteleza kunaleta joto, joto linaunguza sahani za klachi na kuichakaza oili yenyewe. Gari linachelewa kushika D, linapiga resi bila kwenda, linashindwa zaidi kwenye kilima au kona kwa sababu oili kidogo iliyobaki imekimbilia upande mmoja na kuacha mdomo wa pampu wazi.

Umeona tatizo? Dalili za giaboksi iliyopungukiwa oili na dalili za giaboksi iliyokufa ni zilezile. Tofauti ni kwamba ya kwanza unaiponya kwa chupa moja au mbili za oili na kuziba kinachovuja. Lakini ukiendelea kuiendesha hivyohivyo kwa wiki kadhaa, ya kwanza inageuka kuwa ya pili. Hapo ndipo haraka ya mjomba ilipokuwa na haki.

Nyekundu tatu

Niliposhuka kwenye basi Mtwara, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuhakikisha kwamba "damu" yenyewe ni oili ya giaboksi. Usicheke. Chini ya Toyota ya zamani kunaweza kudondoka vitu vyekundu vitatu tofauti.

Cha kwanza ni ATF, ambayo hupakwa rangi nyekundu kiwandani kwa makusudi, ili ukiiona usiichanganye na oili ya injini. Cha pili ni oili ya pawa stelingi. Toyota nyingi za zamani zinatumia ATF hiyohiyo kwenye stelingi, kwa hiyo rangi na harufu havitakusaidia. Itabidi uangalie kikopo cha stelingi kama kinashuka. Cha tatu ni kulanti, maji ya rejeta, kwa sababu kulanti ya Toyota ya miaka ile nayo ni nyekundu.

Kulanti ni rahisi kuitambua. Chukua glasi ya maji, dondoshea tone moja. Likiyeyuka na kupotea majini, ni kulanti. Likielea juu na kutanda kama mafuta ya mchuzi, ni oili. Pia kuna tone la nne lisilo na rangi wala harufu, la maji ya AC, ambalo limewatia watu wengi presha bure.

Kwa mjomba, tone lilielea. Kikopo cha stelingi kilikuwa kimejaa vizuri. Basi ni giaboksi.

Aside kidogo, nimeshindwa kujizuia. ATF za Marekani zilizotoka mwishoni mwa miaka ya 1960, zile za kwanza kuitwa Dexron, zilikuwa na mafuta ya nyangumi. Ni yule nyangumi mwenye kichwa kikubwa kama tangi. Mafuta yake yalizifanya klachi zishikane taratibu bila kushtuka, na hayakuharibika upesi kwa joto. Miaka ya mwanzo ya 1970 Marekani ikapiga marufuku bidhaa za nyangumi huyo kwa sababu alikuwa anaelekea kuisha, wakemia wakalazimika kutengeneza mbadala. Kila nikisikia watu wa Msimbati wanasimulia nyangumi waliowaona wakipita, nakumbuka kwamba kulikuwa na wakati ndugu zao walikuwa ndani ya giaboksi.

Turudi uani.

Shuka jeupe usiku, shuka jeupe asubuhi

Ua wa mjomba ni mchanga mtupu, na mchanga unakunywa oili. Unaweza kupoteza nusu lita usione kitu zaidi ya ubichi kidogo. Tukatafuta mifuko mitatu ya salfeti, ile meupe, tukaikata na kuikunjua ikawa kama mashuka. Boksi la kawaida pia linafaa, ila ni la kahawia na rangi ya tone haionekani vizuri.

Shuka la kwanza tulilitandika jioni, gari limezimwa, likalala hapo mpaka asubuhi. Shuka la pili tulilitandika asubuhi, injini inawaka, gari limesimama palepale kwa dakika ishirini. La tatu tulilitandika baada ya kwenda Mikindani na kurudi, kama kilomita 20 kwa jumla. Kila shuka tuliweka alama kwa kalamu ya wino mzito: hapa tairi la mbele, hapa la nyuma.

Kwa nini mara tatu? Kwa sababu giaboksi ikiwa imelala, ikiwa inawaka na ikiwa inatembea ni kama vyombo vitatu tofauti.

Gari likizimwa, oili iliyokuwa ndani ya toki konveta na kwenye mabomba hurudi taratibu kwenye sampo, na kimo cha oili ndani ya sampo kinapanda. Sehemu ambazo mchana zilikuwa juu ya oili, usiku zinakuwa chini ya oili. Kwa hiyo kinachovuja gari likiwa limelala mara nyingi ni kitu kisicho na presha lakini kimezamishwa: gasketi ya sampo, mpira wa pale bomba la stiki linapoingia, au sili ya ule mkono unaounganisha lever ya gia na giaboksi. Ongeza kwamba usiku vyuma vinapoa na kusinyaa, na gasketi iliyokwisha kukauka haina tena unyumbufu wa kufuata. Gari lililoegeshwa kichwa juu kwenye mteremko linaweza pia kutoa oili kwenye sili ya nyuma, kwa sababu tu imeinama huko.

Injini ikiwaka, hesabu inageuka. Kimo cha sampo kinashuka kwa sababu pampu imevuta oili, lakini kwenye mabomba sasa kuna presha. Kinachovuja hapa ni njia zenye presha: mabomba yanayopeleka oili kupozwa kwenye rejeta, viungo vyake, na sili ya mbele ya pampu, pale injini na giaboksi zinapokutana. Hiyo ya mwisho ndiyo kazi kubwa, kwa sababu kuifikia lazima giaboksi ishushwe. Na uwe mwangalifu, mahali hapohapo hudondoka pia oili ya sili ya nyuma ya injini. Nyekundu ni giaboksi, kahawia au nyeusi ni injini, ila ATF iliyozeeka nayo hugeuka kahawia, kwa hiyo linganisha na iliyo kwenye stiki.

Gari likitembea tu ndipo livuje, shuku vitu vinavyozunguka, hasa sili ya nyuma ya propela shafti. Au shuku kitu ambacho watu hawakifikirii: oili imezidi. Ikizidi, gia zinazozunguka zinaipiga kama mtu anayekoroga mayai, inatoa povu, povu linapanda na kutokea kwenye tundu la kupumulia lililo juu ya giaboksi. Utaona giaboksi imelowa kuanzia juu na utaapa imepasuka.

Haya si amri ya Mungu. Kuna sili zinazovuja nyakati zote. Lakini matokeo yetu yalikuwa safi kuliko nilivyotarajia. Shuka la usiku lilikuwa na matone mawili madogo ya kahawia, upande wa injini. Nyekundu hakuna hata moja. Shuka la asubuhi halikuwa na kitu kwa dakika saba au nane za mwanzo. Halafu tone moja jekundu. Baada ya muda jingine. Dakika ya kumi na tano tulikuwa tunayahesabu kwa sauti, mimi na watoto wa jirani. Shuka la Mikindani lilikuwa na doa kubwa, tena nyuma zaidi, karibu na pale propela shafti inapoingia.

Kwa hiyo gari lilikuwa linavuja likiwa limesimama, propela shafti haizunguki hata kidogo. Sili ya nyuma ilibadilishwa bure.

Kwa nini lilisubiri dakika nane?

Hapa ndipo fizikia inapolipa. ATF ya kawaida ikiwa na nyuzi joto 40 ina mnato wa sentistoki 35 hivi. Ikifika nyuzi 100 inabaki na 7 hivi. Yaani ikipata moto inakuwa nyepesi mara tano. Kasi ya oili kupita kwenye kijitundu inategemea presha inayoisukuma na mnato unaoizuia. Mnato ukishuka mara tano na presha ikabaki ileile, kinachotoka kinaongezeka karibu mara tano. Ndiyo maana fundi anayeangalia gari likiwa baridi anaweza kukuambia kwa uaminifu kabisa kwamba halivuji.

Upana wa tundu una nguvu kubwa zaidi. Kwa tundu la mviringo, kipenyo kikiongezeka mara mbili, kinachopita kinaongezeka mara kumi na sita. Kwa hiyo jasho la mwezi uliopita linaweza kuwa mchirizi mwezi huu bila wewe kufanya lolote baya.

Hebu tupige hesabu ya matone pia, maana watu husema "inavuja kidogo tu". Tone la oili ni dogo kuliko la maji. Chukua kwamba matone 30 hivi ni mililita moja. Tone moja kila sekunde kumi, gari likiwa linawaka, ni matone 360 kwa saa, mililita 12. Mtu anayeendesha saa nane kwa siku anapoteza karibu mililita 100. Ndani ya siku kumi ni lita moja, na giaboksi za aina hii huanza kulalamika kabla hujafika huko.

Tone linaanguka ugenini

Tulikuwa tunajua lini. Sasa ndiyo wapi.

Oili haianguki pale inapotokea. Inatambaa juu ya chuma, inafuata mdomo wa sampo, inafika kwenye bolti iliyo chini kabisa, hapo ndipo inaachia. Gari likitembea, upepo wa chini unaisukuma nyuma. Kwa hiyo usitafute pale palipolowa zaidi. Tafuta mahali pa juu kabisa na pa mbele kabisa palipolowa.

Njia ni kusafisha kwanza. Tulisubiri injini ipoe kabisa, tukasugua kwa brashi na mafuta ya taa kidogo, halafu maji ya sabuni ya unga, tukakinga maji machafu kwenye beseni. Tafadhali usiyaache yaende mtaroni. Mitaro ya Mtwara inaishia baharini, na ukienda kusini kidogo uko kwenye hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma. Baada ya kukauka nikapuliza poda ya mtoto juu ya giaboksi yote na mabomba yake mpaka ikawa nyeupe kama keki. Mjomba alinitazama kama mtu anayeanza kujuta kunisomesha.

Jambo la usalama, na hapa sitanii: usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kunyanyua, siyo ya kushikilia. Tulikwenda gereji yenye shimo, tukaweka P, breki ya mkono, na mawe kwenye matairi. Injini ikiwaka, epuka bomba la ekzosi na feni.

Injini ikapata moto. Kwenye poda nyeupe ukatokea mstari mmoja mwekundu. Haukuanzia kwenye giaboksi kabisa. Ulianzia mbele, kwenye kipande cha mpira kinachounganisha bomba la chuma na rejeta. Oili ilikuwa inatoka chini ya kilipu, inatambaa juu ya bomba linaloteremka kidogo kuelekea nyuma, inafika kwenye giaboksi, inazunguka mdomo wa sampo na kudondoka. Fundi wa gereji ile, kijana mtulivu sana, akaugusa ule mpira kwa vidole viwili akasema, "Huu ni wa maji huu."

Hapo hatimaye shahada yangu ikapata kazi.

Mpira wa maji na mpira wa oili

Kwa macho mipira yote ni myeusi. Ndani yake ni vitu tofauti. Mpira wa maji ya rejeta kwa kawaida hutengenezwa kwa EPDM. Unavumilia maji ya moto na mvuke miaka mingi. Lakini molekuli za EPDM ni minyororo ya kaboni na haidrojeni tu, na oili nayo ni minyororo ya kaboni na haidrojeni. Ni ndugu. Oili inaingia katikati ya minyororo ya mpira, inakaa, haitoki. Mpira unavimba, unalainika, unapoteza nguvu, na kilipu kilichokuwa kimekaza kinakuta kinabana kitu kama uji mzito.

Mpira wa oili hutengenezwa kwa nitraili. Huo una makundi ya kaboni na naitrojeni yaliyoshikana, ambayo yana chaji ya umeme isiyolingana pande zake. Oili haina chaji hiyo, kwa hiyo haipati pa kukaa. Kadiri makundi hayo yanavyokuwa mengi ndivyo oili inavyokataliwa, ingawa mpira unakuwa mgumu zaidi kwenye baridi. Mtwara hilo si tatizo. Makambako pengine.

Unaweza kujaribu nyumbani. Kata kipande cha mpira wa rejeta na kipande cha mpira wa oili, pima unene wake, vitumbukize kwenye kopo la ATF wiki moja, pima tena. Usitumie kopo ambalo mtu atakuja kunywea.

Nani aliweka mpira wa maji pale hatujui. Noah ile imepita mikono mingi kabla ya mjomba. Wakati inawekwa ilifanya kazi vizuri, na ndiyo sababu kosa la namna hii halionekani: linachukua miezi kujitokeza, na linapojitokeza, aliyelifanya ameshasahau.

Na stiki je?

Nilimuuliza mjomba kama alikuwa anapima oili. Alikuwa anapima kila siku asubuhi, na kila siku stiki ilionyesha imejaa. Hapo nikaelewa kwa nini hakuongeza.

Alikuwa anapima gari limezimwa, kama unavyopima oili ya injini. Kumbuka usiku oili yote imerudi kwenye sampo. Stiki inasoma kimo cha juu cha uongo. Kwenye Toyota za aina hii unapima gari likiwa limesimama sehemu tambarare, limetembea mpaka likapata moto, injini inawaka, umepitisha lever kwenye gia zote taratibu na kurudi P, ndipo unachomoa, unafuta, unarudisha, unachomoa na kusoma alama za moto. Alama za baridi na za moto zimetengwa kwa sababu oili inatanuka: lita nane zikitoka nyuzi 30 hadi 80 zinaongezeka kama mililita 300. Honda nyingi zina utaratibu wao, injini inazimwa kwanza, kwa hiyo soma kitabu cha gari lako. Na soma pia kilichoandikwa kwenye stiki kuhusu aina ya oili. Noah za miaka ya baadaye zipo zenye CVT, na hizo zina oili yake. Ukiweka ya huku kule utaniletea kesi nyingine.

Tulipopima kwa utaratibu huo, stiki ilitoka kavu kabisa.

Kuna hali moja ambayo mashuka na poda havitasaidia. Oili ya giaboksi hupozwa ndani ya rejeta, ikitenganishwa na kulanti kwa ukuta mwembamba wa chuma. Ukuta huo ukitoboka, oili inapungua bila tone kugusa ardhi, na kwenye stiki au kwenye rejeta unakuta kitu cha rangi ya waridi kama maziwa ya strobari. Ukiona hivyo usiwashe gari tena hata kwa kulisogeza. Maji yanatenganisha gundi ya sahani za klachi, na kila dakika ina bei yake.

Mtaniuliza pia kuhusu zile chupa za dawa ya kuziba. Nyingi kazi yake ni kulainisha na kuvimbisha sili zilizokauka. Kwa sili ngumu inayotoa jasho, inaweza kukupa miezi kadhaa. Kwa mpira wetu, ambao tayari ulikuwa umevimba kupita kiasi, ingekuwa kumpa maji mtu anayezama. Usiweke chochote kabla hujajua kinachovuja ni nini.

Kijana wa gereji alikata mabomba mawili ya nitraili, ya kwenda na ya kurudi, akaweka vilipu vipya, kazi ya chini ya saa moja. Oili iliyoongezwa ilipita lita moja na nusu, kidogokidogo, tukipima kila mara ili isizidi. Mjomba akaweka D. Gari likaondoka bila kusubiri. Hakusema kitu, aliendesha mpaka Shangani na kurudi akiwa kimya.

Sitaki kukudanganya kwamba kila kitu kilirudi kama zamani. Oili ya zamani ilikuwa imeanza kuwa ya kahawia na ilinuka kuungua, na mpaka leo gari linashtuka kidogo likitoka gia ya pili kwenda ya tatu likiwa la moto, hasa kwenye mchanga mzito wa Msimbati ambako toki konveta inateleza sana na kuchemka. Zile wiki za kuendesha bila oili zilikula kitu ambacho mpira mpya haukirudishi. Alibadilisha oili ya sampo mara mbili ndani ya miezi miwili, na korosho zake aliziuza mnadani kwa wakati wake, kwa mahitaji mengine.

Jumamosi iliyopita alinitumia picha ya shuka la usiku. Lilikuwa na tone moja, la kahawia, upande wa injini. Nimemwambia asipigie mtu yeyote simu mpaka nifike Desemba.